Kibali cha saa moja, kazi ya saa mbili

Ni saa tatu usiku. Katika chumba cha kupanga kilichoko Kata ya Chang'ombe, jijini Dodoma, kijana anayeandika programu za kompyuta anaunganisha kompyuta yake na simu, ananunua kifurushi cha intaneti cha usiku, kisha anaanza kupeleka kazi yake ya mwezi mzima kwenye seva iliyoko ng'ambo. Kazi hiyo ina maandishi machache na picha nyingi nzito za ramani. Saa nne na robo, picha ya mwisho ikiwa imekwisha kupita, kila kitu kinasimama. Kioo cha kompyuta kinamwambia kwamba jina lake au nywila yake si sahihi.

Jina ni lake. Nywila nayo ni ileile, kwani saa moja na robo tu iliyopita mlango huohuo ulimfungulia bila swali. Kilichobadilika ni jambo ambalo kioo hakikulitaja: kibali chake kilikuwa cha saa moja, na kazi ilihitaji zaidi ya saa moja.

Kijana huyo ni wa mfano tu, lakini kosa lenyewe ni la kweli, na linafahamika kwa wengi waliowahi kupeleka au kuchota kazi kubwa ya programu kupitia intaneti ya polepole. Baya zaidi ni kile kinachofuata. Kwa kudhani kwamba yote yamepotea, mtu hununua kifurushi kingine na kuanza upya tangu mwanzo, au, kwa hasira, hujitafutia kibali kisichokwisha kamwe. Hatua ya kwanza mara nyingi ni hasara ya bure. Ya pili ni hatari.

Ili kuelewa kosa hili ni lazima kwanza kufahamu kazi yenyewe. Programu ya kompyuta ni maandishi, na waandishi wake huwa wengi. Mmoja hurekebisha ukurasa wa malipo, mwingine ukurasa wa usajili, na wa tatu hufuta kwa bahati mbaya kile alichoandika wa kwanza. Ndiyo maana ipo mifumo ya kudhibiti matoleo, ambayo huhifadhi kila badiliko, nani alilifanya na lini, ili kazi iweze kurudishwa ilivyokuwa juzi au mwaka juzi. Subversion, ambao toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004, ulitumika sana katika miaka ile. Mwaka 2005 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliandika mfumo mwingine uitwao Git, na huo ndio unaotawala leo. Mahali kazi inapohifadhiwa huitwa ghala. Ghala kuu huwa kwenye seva, na kila mwandishi huwa na nakala yake nyumbani.

Katika Dodoma jambo hili si la wachache tena. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki nzima inayofundisha taaluma za kompyuta. Serikali ilianza kuhamishia shughuli zake huko mwaka 2016, mji ukatangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mifumo ya kukusanya malipo, ya kusajili wanafunzi na ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa inahitaji watu wa kuiandika na kuirekebisha, na si wote wanaokaa katika ofisi zenye mtandao wa kasi. Wengine wako Chang'ombe, na mtandao wao ni simu iliyowekwa dirishani.

Neno tokeni si geni kwa Mtanzania. Mteja wa umeme wa LUKU hulipa fedha na kupewa tarakimu 20, naye huziingiza katika mita yake. Tarakimu hizo si fedha wala si umeme. Ni ushahidi kwamba mwenye nazo ana haki fulani. Tena mita hizo zilikwisha kuwafundisha wananchi kwamba hata tokeni ina muda: mfumo wa kimataifa unaotumiwa na mita za namna hiyo huhesabu dakika kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Ndiyo sababu katika mwaka huo wateja walitakiwa kuingiza tarakimu za ziada za kuhuisha mita kabla ya zile za umeme walioununua.

Tokeni ya mwandishi wa programu hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, ila yenyewe hutolewa badala ya nywila. GitHub, huduma kubwa ya maghala ya Git inayomilikiwa na kampuni ya Microsoft, iliacha kupokea nywila za kawaida kwa kazi za Git Agosti 13, 2021. Tangu siku hiyo mtumiaji huonyesha tokeni au ufunguo wa siri uliotunzwa ndani ya kompyuta yake. Baadhi ya tokeni za GitHub, hasa zile zinazopewa programu badala ya watu, huishi saa moja tu. Kwa upande wa GitLab, tokeni zinazotolewa baada ya mtu kujitambulisha kupitia kivinjari huishi saa mbili. Tokeni ambazo mtu hujitengenezea mwenyewe huko GitLab zilikuwa zikiweza kukaa bila kikomo, lakini utaratibu huo ulifutwa mwaka 2023 na kila moja ikalazimika kuwa na tarehe ya mwisho.

Ufupi huo wa muda hauna nia ya kuwasumbua watu. Mwaka 2016 wahalifu waliingia katika ghala binafsi la waandishi wa programu wa kampuni ya Uber, wakakuta humo funguo za kuingilia seva nyingine ya kampuni hiyo, na kwa funguo hizo wakachukua taarifa za watumiaji na madereva wapatao milioni 57. Umma ulikuja kuambiwa Novemba 2017. Ufunguo ulioibwa ukiwa umebakiza dakika 20 una madhara yenye mpaka. Ule usiokwisha humfaa mwizi hata mwaka unaofuata, bila mwenyewe kujua.

Ugomvi basi ni kati ya mambo mawili yaliyo sahihi. Kibali kifupi ni salama zaidi, na kazi kubwa huhitaji muda mrefu. Lakini urefu wa kazi hutegemea mahali mtu alipo, na hapo ndipo hesabu inapokuwa na upendeleo.

Gigabaiti moja ni sawa na megabiti 8,000. Mwenye mtandao unaopitisha megabiti 100 kwa sekunde huimaliza kwa sekunde 80. Mwenye mtandao wa megabiti 2 huihitimisha kwa sekunde 4,000, yaani dakika 66 na ushei. Kwa wa kwanza, kibali cha saa moja ni kirefu kupita kiasi. Kwa wa pili kimekwisha kabla kazi haijakwisha, hata kama mtandao haukuyumba mara moja. Tena mitandao ya simu kwa kawaida hupeleka polepole kuliko inavyopokea, hivyo anayepeleka kazi yake huumia zaidi ya anayechota ya mwenzake. Saa moja ilichaguliwa na watu ambao kwao gigabaiti si kitu cha kusubiri.

Kasi yenyewe haina uhakika. Mkongo wa SEACOM ulipozinduliwa Dar es Salaam Julai 2009, ukifuatiwa na ule wa EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukatandazwa hadi mikoani, intaneti ya Tanzania ilibadilika kabisa kutoka enzi za setilaiti. Hata hivyo, Mei 12, 2024 mikongo hiyo miwili ya baharini ilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi Afrika Mashariki. Siku kama hizo kazi ya dakika 20 hugeuka ya saa tatu, lakini saa ya kibali haijui kwamba kuna mkongo uliokatika chini ya bahari.

Sasa, kibali kikiisha katikati ya kazi, ni nini hasa hutokea? Jibu linategemea mlinzi amesimama wapi.

Katika ofisi nyingi mlinzi hukaa getini. Mgeni huonyesha kitambulisho wakati wa kuingia, na akishaingia hakuna anayemfuata ndani kumuuliza tena. Mazungumzo ya kompyuta yanayopita katika njia iitwayo SSH yako hivyo: ufunguo hukaguliwa mara moja, mlango unapofunguliwa, na mstari huohuo huendelea kutumika hadi kazi iishe. Njia ya pili, HTTPS, ambayo ndiyo ileile ya kurasa za kawaida za intaneti, ni kama jengo lenye mlinzi katika kila mlango wa chumba. Kila ombi jipya hubeba kibali chake na hukaguliwa upya. Ombi moja lililokwisha kuanza kwa kawaida halikatwi kibali kinapoisha likiwa njiani. Linalokataliwa ni ombi linalofuata.

Kwa hiyo swali la maana zaidi ni hili: kazi hii ina maombi mangapi? Kuchota ghala la kawaida la Git kuna maombi machache sana. La kwanza huuliza seva ina nini, na yanayofuata huleta mzigo. Kibali kikiwa hai mzigo unapoanza kushuka, mara nyingi utafika wote. Hali ni tofauti ghala linapokuwa na maghala mengine madogo ndani yake, kwa sababu kila moja huchotwa kwa zamu yake, na la saba linaweza kugonga mlango saa moja baada ya la kwanza.

Subversion nao, unapopita katika njia ya kurasa za intaneti, huweza kuleta faili moja moja, kila faili na ombi lake. Kibali kikifa katikati, nusu ya faili zimefika na nusu hazijafika. Jambo linaloonekana kuwa udhaifu hapa ni faraja, kwa kuwa mtumiaji anaweza kusafisha nakala yake na kuendelea pale alipoishia. Git hauna huruma hiyo. Uchotaji wa mara ya kwanza ukikatika, kilichoshuka hutupwa na kazi huanza tena kutoka sifuri, iwe ulikatwa na kibali, na umeme au na simu iliyoishiwa kifurushi.

Kijana wa Chang'ombe yumo katika hali ya tatu, iliyo ya kuudhi kuliko zote. Faili nzito katika Git mara nyingi huhifadhiwa pembeni, kwa programu ya ziada inayoitwa Git LFS. Wakati wa kupeleka, Git huanza kwa kugonga mlango na kuuliza hali ya ghala, na hapo kibali bado ni kipya. Kisha huipisha LFS ipeleke picha nzito. Hapo ndipo saa inapopotea. Picha zikishafika, Git hurudi kupeleka kile kilicho kidogo kuliko vyote: maandishi yenyewe na kumbukumbu ya mabadiliko. Ombi hilo la mwisho, la sekunde chache, ndilo linalokutana na kibali kilichokufa.

Maana yake ni kwamba picha alizozipeleka kwa saa nzima hazikupotea. Ziko kwenye seva. Akipata kibali kipya na kurudia amri ileile, LFS itauliza seva ina picha zipi, itaziruka zilizokwisha kufika, na kazi yote inaweza kumalizika kwa dakika moja. Hakuhitaji kifurushi kingine. Alihitaji kibali kingine, na ujumbe wa kioo haukumwambia hivyo.

Ujumbe hizo zinastahili lawama. Seva nyingi hujibu kwa maneno yaleyale kwa aliyekosea nywila na kwa aliyeishiwa muda. Nyingine, zikikutana na mtu asiye na kibali, hujibu kwamba ghala analolitafuta halipo kabisa. Hufanya hivyo kwa makusudi, ili mpita njia asijue hata kwamba kuna ghala la siri hapo. Kwa mwenye ghala, ambaye asubuhi alikuwa ndani yake, jibu hilo ni la kutia jakamoyo.

Kuna saa nyingine ndogo inayosahaulika. Git una msaidizi anayeweza kuikumbuka nywila kwa muda ili mtumiaji asiichape kila mara, na msaidizi huyo, asipoelekezwa vinginevyo, husahau baada ya sekunde 900, yaani dakika 15. Kibali chaweza kuwa hai bado, lakini kompyuta imekisahau, nayo inauliza tena wakati mwenyewe amelala. Kazi zinazoendeshwa usiku na mashine pekee huishia hapo, kwani hakuna mtu wa kujibu swali.

Tatizo la kibali kinachokufa kazini ni la zamani kuliko Git. Katika miaka ya 1980 Chuo cha MIT cha Marekani kilibuni mfumo wa Kerberos, uliopewa jina la mbwa wa visasili vya Kigiriki mwenye vichwa vitatu. Mwanafunzi aliandika nywila mara moja akapewa tiketi yenye muda maalumu. Katika toleo la nne la mfumo huo, urefu wa tiketi ulihesabiwa kwa vipande vya dakika tano, na idadi ya vipande haikuweza kuzidi 255, hivyo hakuna tiketi iliyoweza kupita saa 21 na dakika 15. Hesabu ndefu za kisayansi zilizochukua siku mbili zilikuwa na tabu. Toleo la tano, lililochapishwa mwaka 1993, lilileta tiketi inayoweza kuhuishwa: hubaki fupi, lakini mwenye nayo huweza kuibadilisha kwa mpya kabla haijaisha, hadi kufikia kikomo kikubwa zaidi kilichowekwa tangu mwanzo.

Wazo hilo ndilo lililorudi mwaka 2012 katika utaratibu wa OAuth wa pili, unaotumiwa na huduma nyingi za leo. Mtumiaji hupewa vitu viwili: tokeni fupi ya kufanyia kazi, na tokeni ndefu ambayo haifungui mlango wowote isipokuwa ule wa kuombea tokeni fupi nyingine. Mwizi akiiba ya kwanza, ana saa moja. Ya pili haisafiri kila mara, hivyo ni vigumu zaidi kuiba.

Git wenyewe ulichelewa. Kwa miaka mingi msaidizi wake alijua jina na nywila tu. Hakuwa na mahali pa kuandika kwamba nywila hii itaisha saa fulani, hivyo aliendelea kuitoa hata ilipokuwa imeoza, na kugundua kosa baada ya kukataliwa mlangoni. Toleo la 2.40, la Machi 2023, lilimpa mahali pa kuandika muda wa mwisho, ili kibali kilichokwisha kisitolewe kabisa na kipya kitafutwe kabla ya kugonga. Toleo la 2.41, la Juni mwaka huohuo, likampa mahali pa kutunzia tokeni ya kuhuishia. Anayetumia toleo la zamani lililokuja na kompyuta yake hana manufaa hayo. Kuhuisha programu hiyo ni jambo la kwanza la kufanya, na halina gharama zaidi ya megabaiti chache.

Muda huo huandikwa kwa saa za Greenwich, na hapo mtumiaji wa Kiswahili ana hesabu mbili za kufanya. Kibali kinachoisha saa 18:00 za Greenwich kinaisha saa 21:00 za Afrika Mashariki, yaani saa tatu usiku kwa lugha ya nyumbani. Wapo waliosoma 18:00 wakadhani wamechelewa, ilhali walikuwa na saa tatu mbele yao. Aidha, kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi kwenye tarehe ya miaka iliyopita kila umeme unapokatika, na saa ikiwa si sahihi, kibali kizima huweza kuonekana kimekufa na kilichokufa kikaonekana kizima. Kerberos, kwa kawaida, hukataa kompyuta ambayo saa yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika tano.

Zipo njia za kumaliza kazi bila kurefusha kibali. Rahisi kuliko zote ni kukihuisha kabla ya kuanza, si baada ya kukwama. Mwenye kibali kilichobakiza dakika 12 hana sababu ya kuanza kazi ya saa moja. Kwa wanaoandika hati za kuendesha kazi usiku, kosa la kawaida ni kuomba tokeni mwanzoni mwa hati na kuitumia hadi mwisho. Iombwe upya kabla ya kila hatua, na hatua ikikataliwa, iombwe tena mara moja na hatua irudiwe. Ikikataliwa mara ya pili, hati isimame. Kuna hati zinazogonga mlango usiku kucha kwa nywila mbovu hadi akaunti nzima inafungiwa.

Njia ya pili ni kuipunguza kazi. Git unaruhusu kuchota sura ya leo ya ghala pekee, bila historia ya miaka kumi, kisha historia ikaongezwa kwa vipande mtandao unapokuwa mzuri. Unaruhusu pia kuacha faili nzito hadi zitakapohitajika. Katika kupeleka, anayetaka kusukuma mabadiliko 3,000 anaweza kuyatuma 500 kwa mara moja. Kila kundi lililopokelewa hubaki kwenye seva, na linalofuata huweza kwenda na kibali kipya. Kuyatuma yote kwa pamoja yakakatika katikati ni kuyapoteza yote, kwani seva haibakizi mzigo uliofika nusu.

Njia ya SSH huondoa sehemu kubwa ya tatizo kwa maghala yanayoruhusu, ingawa ina ugonjwa wake: mstari ukikaa kimya muda mrefu, wakati kompyuta inafungasha mzigo, vifaa vya mtandao huudhania umekufa na kuukata. Programu ya SSH inaweza kuelekezwa itume salamu fupi kila baada ya nusu dakika, na mara nyingi hilo linatosha.

Ipo pia njia ambayo isingepaswa kutajwa kama siyo kwamba inatumika mno. Mtu hujitengenezea tokeni ya mwaka mzima yenye ruhusa zote, huiandika ndani ya anwani ya ghala ili asiulizwe tena, na kusahau. Anwani hiyo hukaa katika faili ya kawaida isiyofichwa, huonekana katika kumbukumbu za seva, na husafiri kila mtu anaponakili folda kumpa mwenzake. Wengine huiandika ndani ya programu yenyewe na kuipeleka ghalani. Ikishaingia huko, kuifuta faili hakusaidii, kwa kuwa kazi ya mfumo wa kudhibiti matoleo ni kukumbuka kila kitu, pamoja na siri iliyoingia kwa makosa. Dawa ni kuibatilisha tokeni hiyo kwanza, mara moja, na usafi wa historia ufanywe baadaye.

Tangu Mei 1, 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuwa ikitumika nchini, nayo inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Taasisi inayomwajiri kijana wa Chang'ombe haiwezi kumlaumu peke yake kwa tokeni ya mwaka mzima ikiwa haikumpa njia nyingine ya kumaliza kazi. Kompyuta moja iliyo ndani ya jengo la ofisi Dodoma, inayochota kutoka ng'ambo kila usiku na kuhifadhi nakala, ingewapa wafanyakazi wote mahali pa karibu pa kuchotea. Hilo ni jambo la fundi mmoja na diski kubwa, si la bajeti ya wizara.

Bila kompyuta hiyo, bado kuna flashi. Git unaweza kufungasha ghala zima katika faili moja, inayobebwa mfukoni na kufunguliwa mahali pengine kana kwamba imechotwa kutoka kwenye seva. Gigabaiti iliyomshinda kijana kwa kibali cha saa moja hufika chuoni kwa daladala ndani ya muda mfupi kuliko huo, na hakuna mlinzi wa kuuliza tokeni njiani. Kinachobaki kupita katika intaneti ni mabadiliko yaliyofanywa tangu faili ilipofungashwa, kilobaiti chache, na kwa hayo hata kibali kilichobakiza dakika tano kinatosha.